Deni la Mgeni

Kiswahili kina neno kulowea, nalo lina uzito ambao neno kuhamia halina. Ahamaye hubadili mahali. Aloweaye hubadilika mwenyewe kidogo kidogo, hata siku moja watu wa mahali pale wakasahau kumwuliza alikotoka. Kati ya hali hizi mbili wamo watu wengi wa zama hizi, ambao kazi huwachukua ng'ambo kwa miaka mitatu, mitano au kumi, wakakaa pasipo kulowea wala kupita. Swali lililo haki kuulizwa juu yao ni hili: mtu wa namna hiyo anawiwa nini na nchi iliyompokea?

Jibu la haraka ni la mkataba. Mgeni hufanya kazi aliyoitiwa, hulipa kodi, hutii sheria, na mwisho hufunga mizigo yake akaenda zake. Aliyeuza ujuzi wake akalipwa ujira wake hadaiwi. Jibu hili lina unyofu, wala si la kudharauliwa, kwa kuwa wako wenyeji wasiotimiza hata hayo. Lakini halitoshi mahali ambapo amani yenyewe ni kazi ya mikono ya watu, na mahali pa namna hiyo ni Singapore.

Kisiwa hicho kilitengana na Malaysia tarehe 9 Agosti 1965, mwaka mmoja baada ya ghasia za Julai na Septemba 1964 baina ya Wamalay na Wachina, ambazo zilipoteza roho za watu. Katika hesabu ya mwaka 2020, raia na wakaazi wa kudumu walikuwa Wachina karibu robo tatu, Wamalay zaidi ya sehemu ya nane, na Wahindi asilimia 9. Lugha rasmi ni nne. Juu ya hao wote, karibu watu watatu katika kila kumi waliokuwa kisiwani walikuwa wageni wa vibali.

Mgeni afikaye huvutwa kwanza na sura ya mambo, wala si kosa lake. Katika barabara moja, South Bridge Road, huona msikiti wa Jamae na hekalu la Kihindi la Sri Mariamman, vyote viwili katika mtaa wa Wachina. Kwenye mabaraza ya vyakula hujifunza kwamba pakiti ya karatasi za kupangusia mikono iliyoachwa mezani maana yake ni kuwa kiti kina mwenyewe, na kwamba tangu mwaka 2021 sheria humtaka mlaji arudishe sinia yake. Kama ni mtu wa Kiswahili, husikia Wamalay wakisema dunia, waktu na khabar, akahisi kuwa bahari ile aijua. Baada ya mwezi mmoja hudhani ameijua nchi.

Kumbe alichokijua ni matunda, shina hajaliona. Watu wengi wa Singapore hukaa katika nyumba zilizojengwa na serikali, na tangu mwaka 1989 kila jengo na kila mtaa umewekewa kiasi cha watu wa kila kabila, ili pasiwe na mtaa wa Wamalay watupu wala wa Wachina watupu. Kanuni hii ina gharama yake. Mmalay au Mhindi anayetaka kuuza nyumba katika jengo ambalo kiasi cha Wachina kimekwisha timia hawezi kumwuzia Mchina, hata akiwa ndiye atoaye bei nzuri. Na mwaka 2021 serikali yenyewe ilikiri kwamba wauzaji wa namna hiyo hupata taabu. Kadhalika, tangu mwaka 1967 vijana wa kiume hutoa miaka miwili ya ujana wao katika utumishi wa taifa. Mtu anaweza kubisha kwamba ujirani uliopimwa kwa kanuni si ujirani wa moyo. Yawezekana, lakini ni ujirani uliolipiwa, na walioulipia ni wenyeji.

Mgeni mwenye mshahara mnono halipi gharama hizo. Hupanga nyumba katika majumba ya watu binafsi yenye lango na bwawa la kuogelea, humpeleka mwanawe shule ya kigeni, na jioni hula na watu wa kwao. Atajitetea, na utetezi wake una nguvu: sheria ndiyo iliyomweka mlangoni, na kibali chake hufa pamoja na kazi yake. Nani atampenda mwenye nyumba asiyemwahidi kesho?

Yuko mtu mmoja ambaye maisha yake yanaujibu utetezi huo. Zubir Said alizaliwa Bukittinggi, Sumatra, mwaka 1907, akaenda Singapore mwaka 1928. Mwaka 1958 alitunga wimbo kwa ajili ya baraza la mji, na mwaka uliofuata ukawa wimbo wa nchi, nao ni huo hata leo. Uraia hakuupata mpaka mwaka 1967. Alitoa kabla ya kupewa. Si kila mgeni awezaye kutunga wimbo, lakini kujifunza majina ya majirani hakuhitaji kipaji.

Tena liko jambo ambalo ndilo kipimo kikali zaidi. Mgeni huyu mara nyingi ni mwenyeji wa mgeni mwingine. Jikoni mwake yumo mwanamke kutoka Indonesia, Ufilipino au Myanmar, ambaye sheria haimruhusu kuleta mume wala mtoto. Wageni hawa wawili walishuka katika uwanja mmoja wa ndege, lakini mmoja huitwa mtaalamu na wa pili mtumishi. Na mwaka 2020, maradhi ya Korona yalipoingia katika mabweni ya vibarua wa kigeni, ambamo karibu nusu ya wakaao waliambukizwa, ilionekana wazi jinsi majina hayo yanavyotenga. Tangu mwaka 2023 sheria imeamuru mtumishi wa nyumbani apate walau siku moja ya mapumziko kila mwezi isiyoweza kununuliwa kwa fedha. Sheria haitungwi pasipo sababu.

Siku za Jumapili, katika jengo la Lucky Plaza lililo Orchard Road, wanawake wa Kifilipino hukusanyika kutuma fedha kwao, kula chakula cha kwao na kusikia lugha yao. Wako waajiri wao, nao pia wageni, wapitao hapo kwa gari mwaka baada ya mwaka pasipo kushuka.