Furaha ya Kuuelewa Utenzi
Je, kukariri utenzi ni kuujua? Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa mwanzoni mwa karne ya 19, waomboleza kuanguka kwa mji wa Pate kwa lahaja iliyo ngeni kwetu huku Ujiji. Twaweza kuuhifadhi ubeti kwa ubeti, ulimi ukafurahi ilhali moyo umebaki nje. Lakini tuukumbukapo Ujiji wa misafara ya pembe na watumwa, uliopitwa na Kigoma baada ya reli kufika mwaka 1914, majumba ya Pate yaliyohamiwa na popo hutusemesha. Nasi huuliza ni mabega ya nani yaliyobeba fahari ile. Kukariri ni kubisha hodi. Kuelewa ni kukaribishwa ndani. Basi mwalimu asiridhike na mwanafunzi asiyekosea neno. Amwulize ameona nini.