Pundamilia Asiye na Milia

Mpiga mbizi akiibuka, hata ngazi ya boti hajaishika, huwa ameshauliza: "Yule mdogo alikuwa papa gani?" Kwa masikio ya Kiswahili swali lina kichekesho chake. Lugha hii imezoea kumpa papa ukubwa, hadi wala rushwa wakubwa wa Tanzania wakaitwa mafisadi papa. Hata hivyo, papa wadogo ni wengi, na mpiga mbizi atapewa kitabu cha picha apekue mpaka aweke kidole mahali. Kuna mmoja ambaye kidole hakitulii juu yake. Wataalamu wamevutana kuhusu jina lake kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Jina hilo kwa sasa ni Stegostoma tigrinum. Anapotoka kwenye yai ana urefu wa sentimita 20 hadi 36, mwili mweusi uliokatwa na mistari myeupe, ndiyo maana Waingereza wakamwita papa pundamilia. Akifikia sentimita 50 hivi, mikanda ile huanza kukatikakatika. Akishakuwa mtu mzima wa mita mbili au zaidi, hana mkanda hata mmoja: ni rangi ya mchanga iliyotapakaa madoa, na wapiga mbizi wa Thailand na Australia humwita papa chui. California nako wana papa chui wao, ambaye hata ukoo hawachangii. Kwa hiyo mtoto ni pundamilia, mzazi ni chui, na mgeni wa bahari ataandika daftarini kwamba ameona samaki wa aina mbili.

Neno "pundamilia" lenyewe lingeweza kumwamsha mgeni huyo. Kwanza punda, kisha milia: alicho mnyama, halafu alichovaa. Aristotle alijenga falsafa yake juu ya mgawanyo huohuo, kati ya dhati ya kitu na sifa zinazoweza kuja na kuondoka bila kitu chenyewe kubadilika. Naye hakuwa mwanafalsafa wa barazani tu. Alichunguza viumbe vya bahari kwa karibu, akaandika kwamba kuna papa mmoja wa ngozi laini ambaye watoto wake hushikamana na tumbo la uzazi kwa kitovu, kama watoto wa wanyama wanyonyeshao. Ilipita miaka zaidi ya elfu mbili kabla Mjerumani Johannes Müller hajathibitisha, mwaka 1842, kwamba mzee alikuwa sahihi. Mtu aliyetazama ndani ya papa kiasi hicho hakuweza kuridhika na ngozi.

Lakini je, dhati hiyo imo baharini, au imo vichwani mwa watu wanaopanga samaki mafungu? Watu wa pwani wamelikuta swali hili chuoni na kanisani kabla ya kulikuta kwa Wagiriki. Katika Kurani, Adamu anafundishwa majina yote. Katika kitabu cha Mwanzo, wanyama wanaletwa mbele yake ionekane atawaitaje. Kule jina lipo kabla ya mtu, huku mtu ndiye anayeamua. (Msomaji makini wa Mwanzo ataona pia kwamba wanaotajwa ni wanyama wa nchi kavu na ndege. Samaki hawamo.)

Kisa cha papa huyu kinazipa nguvu pande zote mbili. Johann Reinhold Forster alimpa jina tigrinum, yaani wa kama chui milia, mwaka 1781. Hata hivyo, kwa miaka mingi vitabu vilitumia fasciatum, yaani mwenye mikanda. Majina yote mawili yanasifu nguo za utotoni. Ni kama kumwita mzee wa miaka sabini "Kaptula". Mwaka 2019 Dahl na wenzake walipitia upya maandishi ya kale wakairudisha tigrinum, kwa kanuni kwamba jina halali lililotangulia ndilo linaloshinda. Hapo ni Adamu wa Mwanzo: watu wamekaa, wamekubaliana.

Ila utafiti huohuo ulikuwa na jambo jingine, nalo lilitoka Malindi. Papa waliopatikana huko, wanaofanana na hawa kwa umbo, hawakuwa na mikanda utotoni bali mizunguko ya kahawia, na ukubwani hawakuwa na madoa yale ya chui. Kwa macho tu, ilikuwa rahisi kutangaza aina mpya. Watafiti walipima miili, wakasoma vinasaba vinavyorithiwa kwa mama, wakakuta ni walewale wa vazi tofauti. Hakuna aliyepiga kura. Jibu lilikuwa limeshaandikwa ndani ya samaki.

Jibu hilo lina jina la Kiswahili: nasaba. Ernst Mayr alieleza mwaka 1942 kwamba spishi ni kundi la viumbe wanaozaliana wao kwa wao, na maelezo hayo yakakaa mashuleni kama amri. Kisha akaja Leonie, papa pundamilia wa kituo cha Reef HQ huko Townsville, Australia. Alikuwa amezaa na dume. Akatenganishwa naye, na mwaka 2016 mayai yake yakatoa watoto watatu wasio na chembe ya baba. Hawakutokana na kuzaliana kwa wawili, lakini ni nani atakayekataa kwamba ni papa pundamilia? Ni wana wa Leonie, na hiyo yatosha. Uzazi umefanya kazi ambayo dhati ya Aristotle na kanuni ya Mayr hazikuimaliza.

Tatizo ni kwamba nasaba haionekani kupitia kioo cha miwani. Tena mtoto huenda anadanganya kwa makusudi ya maumbile: mwaka 2012 Christine Dudgeon na William White walipendekeza kwamba mikanda yake na uogeleaji wake wa kujipindapinda vinamwiga nyoka wa baharini mwenye sumu. Mpiga mbizi anabaki na alama zisizobadilika na umri: mkia unaokaribia nusu ya urefu wote, matuta marefu ubavuni, na mianya miwili ya mwisho ya matamvua iliyobanana hata inakaribia kuwa mmoja.

Madoa nayo hayakutupwa. Kwa kuwa kila mkubwa ana mpangilio wake, watafiti hulinganisha picha na kumtambua papa mmojammoja mwaka hadi mwaka. Kwa yule wa Malindi asiye na madoa hayo, njia hiyo huenda isifae. Mpiga mbizi akikutana naye leo na tena kesho, ataandika kwa uhakika kwamba ameona papa pundamilia mara mbili, asijue kama alikuwa mmoja au wawili.