Kupunga Upepo Shimo la Mungu

Jumapili jioni vijana wa Newala huenda Shimo la Mungu kupunga upepo. Hununua soda na korosho, wakasimama pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla, wakapiga picha bonde linaloshuka hadi Ruvuma na Msumbiji ya ng'ambo. Nami huenda. Nimestaafu ualimu, na magoti yangu bado yananifikisha ukingoni.

Mama mkwe wangu hataki kabisa. Nikimwambia twende, hujibu: "Mwanangu, bonde lile nimelitazama sana, tena na mtungi kichwani."

Udongo wetu wa juu hunywa mvua yote. Chemchemi ziko chini, miteremkoni. Kabla ya maji ya bomba kutoka Mitema, wanawake walitoka alfajiri, wakashuka, wakangoja zamu, wakapanda. Hata leo bomba likikauka tunategemea kisima cha kuvunia mvua kilichoko uani. Asiye nacho hununua dumu.

Kwa hiyo mhubiri akisema mandhari ile inaonyesha wema wa Mungu, namuuliza kimoyomoyo: kwa nani? Mteremko ni uleule, uwe umeteremsha macho tu au miguu pia.

Wazee wa Kimakonde hawakumtwika Mungu lawama ya kiu hiyo. Wanasimulia kwamba mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mwanamke, nayo ikapata uhai. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa karibu na mto, hakuishi. Wakahama, wa pili naye hakuishi. Wa tatu, waliyemzaa huku juu, ndiye aliyeishi. Karl Weule, Mjerumani aliyefika Newala mwaka 1906, anayo hadithi hiyo kitabuni mwake. Kwangu ni somo la afya kabla ya kuwa somo la dini: watu walipima mto na homa zake, wakachagua uhai, wakaulipia kwa shingo. Shingo za nani, hadithi haisemi.

Mimi nimezaliwa Masasi, Mtandi, chini ya majabali. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alifika Masasi na watu waliokombolewa utumwani. Safari ilikusudiwa kwenda mbele zaidi, lakini wao wakaona hapo panawatosha, wakakaa. Nililelewa katika kanisa lililoanza na watu hao, na bado nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba Biblia inaipa Sabato sababu mbili. Katika Kutoka 20, tupumzike kwa kuwa Mungu aliumba, kisha akapumzika. Katika Kumbukumbu la Torati 5, tupumzike kwa kuwa tulikuwa watumwa Misri, na mtumwa hana siku yake.

Sababu ya kwanza ndiyo ninayoifuata ukingoni. Mama mkwe anayo ya pili: hukaa mkekani, maji yakitoka bombani, asitazame chochote. Zamani nilimbembeleza aje aone uzuri. Nimeacha, maana Sabato yake imetimia bila mandhari.

Wapo wanaotaka Shimo la Mungu pawe pa kitalii hasa. Naungana nao, viti na kivuli vingetufaa sisi wazee. Ila wageni waonyeshwe pia njia ya kushukia majini, na mwenye nia apewe ndoo tupu, aipandishe imejaa. Soda atainywa baadaye.