Kwa Nini Tunafurahia Siku Waliyokufa?



Mwaka jana, siku chache kabla ya tarehe 3 Juni, nilikuwa na vijana wa kigango kimoja tukipanga sikukuu ya somo wao, Mtakatifu Karoli Lwanga. Mambo ni yale yale tunayoyajua: fulana, kwaya, nani atapika pilau. Kijana aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. "Frateri, hivi siku mtu aliyochomwa moto ndiyo sisi tunapika pilau?"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Baadaye nikaambiwa kwamba alifiwa na kaka yake, na kila tarehe ile ikifika, nyumbani kwao hakuna anayethubutu kuitaja.

Nilimjibu vibaya. Si unajua tena sisi tuliosoma falsafa, nikaanza na Plato na roho isiyokufa. Akanisikiliza kwa adabu tu.

Jibu lenyewe lilitoka kwa watu waliokuwa msibani. Katika karne ya 2, mjini Smirna, ambao leo ni Izmir nchini Uturuki, askofu mzee Polikarpo aliambiwa amtukane Kristo ili aachiliwe. Akakataa, akisema amemtumikia miaka 86 bila kutendewa baya lolote. Wakamuua, mwili wakauchoma. Waamini wake wakaokota mifupa, wakaihesabu kuwa ya thamani kuliko dhahabu, wakaiweka mahali panapofaa. Kisha wakaliandikia Kanisa lingine kwamba watakuwa wakikusanyika pale kila mwaka kuadhimisha siku yake ya kuzaliwa.

Ya kuzaliwa! Na mifupa wameiokota kwa mikono yao wenyewe.

Ndiyo maana kalenda yetu imejaa tarehe za vifo. Siku za kuzaliwa kabisa tunaadhimisha tatu tu: ya Bwana wetu, ya Mama Maria tarehe 8 Septemba, na ya Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni. (Zipo tarehe za namna nyingine pia. Yohane Paulo II alifariki Aprili, lakini tunamkumbuka 22 Oktoba, siku alipoanza rasmi utume wake wa upapa mwaka 1978.)

Ila tusidanganyane, hakuna aliyesema kifo ni kitamu. Kizito alikuwa na miaka 14 hivi walipomchoma Namugongo mwaka 1886. Sidhani kama kuna mama aliyepiga vigelegele siku ile. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu wale mashahidi 22 tarehe 18 Oktoba 1964, yaani miaka 78 baadaye. Waliolia walilia kwanza.

Haya nilimweleza yule kijana siku ya sikukuu yenyewe, tumesimama nje ya kanisa na sahani zetu. Akaniuliza, "Na kaka yangu je? Yeye hakuwa mtakatifu, Frateri. Alikuwa anakunywa sana."

Nikamwambia Lwanga tunamwomba atuombee, kaka yako sisi ndio tunamwombea, na altare ni ile ile moja. Mtakatifu ana siku yake, na marehemu wako naye anaweza kuwa na siku yake.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kama nia ya Misa inaandikishwa kwa katekista au ni lazima aende parokiani. Tarehe yao ni ya mwezi Agosti, na alitaka mama yake ajue mapema.