Kutumwa Ruksa, Kwenda Mwenyewe Marufuku

Mtoto wa kwetu akitumwa, huenda. Atatumwa dukani kununua vitunguu, kwa fundi kufuata nguo, kwa shangazi mtaa wa tatu kurudisha sufuria. Hakuna anayeuliza kama barabara ni salama. Lakini huyohuyo akisema, “Mama, naomba niende kwa rafiki yangu,” maswali yanaanza. Kuna nini huko? Si mmeonana shuleni? Kwani hapa nyumbani umekosa nini?

Tumebishana sana juu ya hili, mimi na dada yangu. Binti yake ana miaka 12. Kila siku ya shule anapanda daladala kutoka Mabibo hadi Kariakoo, alfajiri giza halijaisha. Anajua kugombania mlango, anamjua konda asiyetaka wanafunzi, anajua pa kushukia. Jumamosi akiomba kwenda Sinza kwa mwenzake, mchana kweupe, anaambiwa bado mdogo.

Dada ana hoja. Anasema shule ni lazima, urafiki si lazima, na hatari anaibeba pale tu anapolazimika. Tena mtoto wa kike, hofu ni mara mbili. Bodaboda zipo, watu wabaya wapo. Siwezi kumwambia hawapo.

Ninachouliza ni hiki: lazima kwa nani? Mtoto tunamwamini akiwa kwenye safari yetu, ila safari ikiwa yake tunamtilia shaka. Basi tunachopima si umbali wala hatari. Tunapima shida ni ya nani. Naona hapo kuna dhuluma ndogo tuliyoizoea. Mtoto anakuwa miguu ya nyumba, na hiyo miguu hairuhusiwi kuwa na mahali inapotaka kwenda.

Na urafiki si anasa. Nyumbani mtoto hakuchagua mtu. Ndugu alipewa, jirani alimkuta. Rafiki ndiye mtu wa kwanza anayemchagua mwenyewe. Kumfuata kwao, kupiga hodi peke yake, kusalimia wakubwa asiowazoea, kuhisi kwamba sasa muda wa kurudi umefika, hata kukataa jambo wenzake wanapolitaka: haya hayafundishwi kwa mdomo.

Waliosoma *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, wanamkumbuka Zakaria. Alimpiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, akadhani amemlinda. Rosa alipofika mbali na macho ya baba, alikuwa na hofu tele na hakuwa na mazoezi ya kuchagua. Wanaume wakubwa waliomtumia wana lao la kujibu, tena kubwa. Lakini fimbo ya Zakaria haikumpa Rosa kitu cha kujikingia nao.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Tunausoma msemo huu kama kitisho. Mimi nauona pia kama ratiba: ulimwengu utafika tu, na bora umkute mtoto wakati mama bado yupo karibu wa kuulizwa.

Sisemi mlango uachwe wazi. Nyumba anayokwenda ijulikane, simu ya mama wa rafiki iwepo, saa ya kurudi itajwe. Masharti ni malezi. Ila masharti ni ya mtu anayekwenda. Asiyeruhusiwa kwenda kabisa, utampa masharti ya nini?