Hata Grupu ya Maombi ni Mtandao
Mwezi jana niliandika jina la dada mmoja na ugonjwa wake kwa grupu yetu ya WhatsApp ya maombi. Nilidhani ni sisi tu. Jioni hiyo hiyo ujumbe ulikuwa umefowadiwa hadi kwa mama mkwe wake. Nilienda kwa huyo dada nikaomba msamaha.

Mitandao ya kijamii si Facebook na TikTok pekee; hata grupu yetu imo. Katika Isaya 39, Hezekia aliwaonyesha wageni wa Babeli hazina yake yote, akaambiwa itabebwa. Mimi nilionyesha hazina isiyo yangu.

Kabla ya kutuma, muulize mwenyewe. Akikataa, muombee kimya kimya. Mungu anamjua kwa jina.