Kabla ya Kupanda Kitanda cha Picha

Wanangu wa Kitui na Makueni, hili nimelisema barazani, nimelisema matangani, nimelisema nje ya kanisa baada ya ibada, na leo nalisema tena ingawa sauti imechoka. Ukiandikiwa picha ya ultrasaundi, usiende hivi hivi. Uliza kwanza ni ya kiungo gani na inataka nini, maana kila picha ina masharti yake, na sharti la hii huiharibu ile.

Najua mnavyosafiri. Mtu wa Mutha huamka usiku wa manane, akapanda boda, akangoja matatu, akafika Kitui mjini njaa imembana. Pale stendi pana chai ya maziwa na mandazi ya moto. Anakunywa kikombe kimoja tu, na kikombe hicho kinamrudisha nyumbani bila picha. Mama mmoja niliyemsindikiza alikaa kwenye benchi akalia kwa sababu ya nauli. Alikuwa ameuza kuku ili aipate. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba chai ni chakula.

Chai ni chakula, wanangu. Maziwa yana mafuta, na mafuta yakishuka tumboni, mfuko wa nyongo hujikunja umwage nyongo yake. Ukishajikunja, mpiga picha haoni sawasawa kama mna vijiwe au hamna. Ndiyo maana anayetazamwa ini, nyongo, kongosho na bandama hufunga saa sita hadi nane. Ukiitwa saa mbili asubuhi, usitie kitu kinywani baada ya saa sita usiku, na chakula cha jioni kiwe chepesi. Isyo, yaani githeri, na mbaazi ziacheni siku hiyo, na soda pia. Huleta gesi, na ile sauti ambayo mashine huituma mwilini haipenyi kwenye hewa. Hewa kwake ni ukuta. Kilicho nyuma ya gesi hakionekani, hata mashine iwe mpya namna gani. Muguka, sigara na chingamu viacheni vilevile, kwa kuwa anayetafuna au kuvuta humeza hewa. Dawa ya presha ya asubuhi imezwe kwa maji kidogo, isipokuwa daktari amesema vingine.

Tuliokuwapo mwaka 2004 hatuwezi kuiona picha ya ini kuwa jambo dogo. Mahindi yaliota kuvu, watu 317 wakaugua na 125 wakafa katika muda wa miezi michache, wengi wa wagonjwa hao wakiwa wa Makueni na Kitui. Sumu ya aflatoksini iliwaharibu maini. Tangu hapo, mtu wa huku macho yake yakigeuka manjano, sisi wazee hatulali. Basi siku anapopata nafasi ya kutazamwa, ninaumia kuona anaipoteza kwa mandazi.

Sasa upande wa pili, ambako wengi huchanganya mambo. Picha ya chini ya kitovu, yaani mji wa mimba, mimba changa, kibofu, na kwa wazee wenzangu tezi dume, haitaki njaa. Inataka maji. Kunywa kama lita moja, glasi nne au tano, uwe umemaliza saa moja kabla ya kuingia, na usikojoe. Kibofu kikijaa husukuma kando matumbo yenye gesi, na sauti hupita majini hadi kwenye kiungo kinachotafutwa. Si raha: jeli ni baridi, na mkono wa mpiga picha unakandamiza palepale panapouma. Vumilia, ni dakika chache. Lakini usinywe maji hayo nyumbani halafu ukapanda boda kwenye barabara ya mashimo. Beba maji yaliyochemshwa, ufike, ujiandikishe, uulize foleni imefika wapi, ndipo unywe. Ukizidiwa, sema. Ikiwa picha ni ya tumbo lote, juu na chini, utafunga chakula na bado unywe maji matupu.

Wazee wenzangu, mkishatazamwa mtaambiwa mwende mkakojoe mrudi. Msitoroke kwa kuona haya. Mkojo unaobaki kibofuni ndio unaoonyesha tezi imebana kiasi gani.

Mimba ikishakua, haidai kibofu kijae. Mtoto amezungukwa na maji yake. Msisubiri mwezi wa nane ili tu mjue ni mvulana au msichana. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apigwe picha moja kabla ya wiki 24, kwa sababu umri wa mimba husomeka vizuri zaidi mapema. Nenda na kitabu cha kliniki na tarehe ya hedhi ya mwisho. Ile picha ya kifaa kinachoingizwa ukeni hutaka kibofu kitupu, na una haki ya kuelezwa kabla hujakubali.

Shingo, matiti, korodani na mishipa ya miguu hazidai kufunga.

Mwenye sukari asifunge kabla ya kuuliza. Insulini ikidungwa na tumbo tupu, sukari huporomoka, na nimeona watu wakianguka foleni. Aombe kuwa wa kwanza asubuhi na abebe chakula cha kula akitoka tu. Mtoto mchanga naye hafungi kama mtu mzima. Ulizeni saa zake.

Nanyi mnaotoa miadi, nawasihi. Mwaka 2016 Makueni ilianzisha mpango wa matibabu wa MakueniCare, familia ikilipa shilingi 500 kwa mwaka, ili maskini asizuiwe mlangoni. Anayezuiwa na kikombe cha chai amezuiwa vilevile. Mwambieni kwa Kikamba, mwandike nyuma ya karatasi afunge au anywe maji na kuanzia saa ngapi, kisha arudie kwa kinywa chake.

Na wewe mgonjwa, ukiulizwa kama umekula, sema kweli. Ukificha, ripoti itaandikwa kwamba nyongo haikuonekana vizuri, na picha hiyo utailipia mara ya pili.